Makaa Umeyapata Wapi? Mwongozo wa Kubuni Kisa cha Vita vya Baharini

Kisa cha kwanza nilichobuni kwa ajili ya mchezo wa vita vya baharini kilikufa kabla dadu haijarushwa. Nilikuwa nimetandaza chati ya pwani juu ya meza ya kulia, nikapanga manowari za mbao nilizochonga mwenyewe, nikawaambia wenzangu: ni mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg imeamua kuipiga Mombasa, kisha itakwenda Bombay, kisha itarudi. Baba wa rafiki yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi zama zake, alikuwepo kwa sababu ya kahawa tu. Akainamia chati, akatua kikombe juu ya Pemba, akaniuliza, "Mwanangu, chombo hiki kinakula nini?"

"Makaa ya mawe, mzee."

"Na makaa umeyapata wapi?"

Nikanyamaza. Kidole chake kikashuka hadi kwenye milango ya Rufiji. "Na hapa ulipotoka, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa?"

Wenzangu walicheka mpaka mchezo ukaishia hapo, tukala pilau. Lakini maswali yale mawili yamenifaa kuliko vitabu vyote vya kanuni nilivyosoma baadaye. Kama nawe unataka kubuni kisa cha mapambano ambayo hayakutokea lakini yangeweza kutokea, kisa ambacho watu wazima watakikalia saa tano bila kuguna, anzia kwenye maswali hayo. Nitakuonyesha kwa mfano mmoja mpaka mwisho, nao ni Königsberg ileile, kwa kuwa bahari yake tunaijua na mabaki yake tunayo. Nje ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wake, na karibu yake umewekwa mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa nayo Zanzibar. Ukipata nafasi nenda ukaitazame. Nitairudia.

Kwanza yaliyotokea

Usibuni lolote mpaka uweze kuusimulia ukweli bila kutazama karatasi. Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5 na mwendo wa kama maili 24 za baharini kwa saa. Tarehe 31 Julai, vita vikinukia, iling'oa nanga. Waingereza walikuwa wakiivizia kwa manowari tatu, Astraea, Hyacinth na Pegasus, ikawaponyoka ndani ya mvua. Agosti 6 ikakamata meli ya shehena, City of Winchester, upande wa Oman. Kisha ikaanza kuhangaikia makaa. Waingereza walikuwa wameyanunua makaa yaliyokuwepo kwenye bandari za Wareno kusini, na Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao linaloelea kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata nyumbani hapakurudika. Mwanzoni mwa Septemba Looff akajificha katika delta ya Rufiji.

Alfajiri ya Septemba 20 akatokea Zanzibar na kuizamisha Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengeneza mitambo. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Akarudi Rufiji na mtambo mbovu, vipande vyake vikakokotwa kwa nchi kavu na vibarua mpaka karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Mwishoni mwa Oktoba manowari Chatham ikamgundua. Novemba 10 Waingereza wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmojawapo ili kumzibia njia. Januari 1915 wakakitwaa kisiwa cha Mafia. Aprili ikaja Rubens, meli ya shehena iliyotoka Ujerumani ikiwa na makaa na risasi, ikafumaniwa na Hyacinth karibu na Tanga. Julai zikaja monita mbili, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazili, zenye tako bapa la kuingia mtoni. Julai 11 Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe. Mizinga yote kumi ikaopolewa na kwenda kupigana nchi kavu pamoja na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Sasa tafuta bawaba, mahali ambapo mlango ungeweza kufunguka upande wa pili.

Bawaba moja tu

Bawaba ziko nyingi. Mvua ya Julai 31 isingenyesha. Mitambo ya Pegasus ingekuwa mizima. Chatham ingepita bila kuona milingoti juu ya mikoko. Kila moja inaweza kuzaa kisa, lakini si zote zinazaa mchezo. Mvua isiponyesha, Königsberg inafuatwa na manowari tatu zisizo na ruhusa ya kupiga, kwa kuwa vita havijatangazwa. Wachezaji watasogeza vibao kwenye maji matupu mchana kutwa. Pegasus ikiwa nzima inazama vilevile, ila inachelewa kidogo.

Mimi niliichagua Rubens, na sababu ni jambo dogo sana. Hyacinth ilipokuwa inaifukuza tarehe 14 Aprili 1915, mtambo wake mmoja uliharibika. Hilo lilitokea kweli. Rubens ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nahodha wake Carl Christiansen akaipandisha ufukweni. Moto ukawaka juu ya sitaha, Waingereza wakaridhika kwamba imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakaopoa sehemu kubwa ya shehena. Katika kisa changu nimechukua uharibifu uleule wa mtambo nikausogeza saa chache nyuma. Basi. Mtambo unakufa usiku badala ya asubuhi, Hyacinth inajikongoja, Rubens inapita.

Ona jinsi badiliko hilo lilivyo jepesi kuaminika. Sikuongeza meli wala sikumpa Looff akili asiyokuwa nayo. Sikumfanya admirali wa Kiingereza, Herbert King-Hall, kuwa mjinga kwa siku moja. Mbunifu wa kisa anayehitaji upande mmoja uwe wa wapumbavu ili hadithi iende ajue ameshapotea njia. Bahati mbaya ya chuma ni bora kuliko upumbavu wa mtu, kwa sababu chuma huharibika kila siku na hakuna anayeuliza kwa nini.

Halafu lipa deni la badiliko lako lote, na hapa ndipo wengi wanapokwepa. Rubens imepita, sawa. Lakini delta imezingirwa, haiwezi kuingia. Kwa hiyo lazima Königsberg itoke kwa makaa iliyo nayo na kuikuta baharini. Na ili zikutane lazima ziwe zimewasiliana kwa redio, na redio ina masikio mengi. Kwa hiyo Waingereza lazima wajue kwamba kuna jambo, hata kama hawajui ni lipi. Badiliko moja limezaa mashaka matatu, na hayo matatu ndiyo mchezo. Ungebadili mambo manne kwa mpigo, usingejua lipi limezaa lipi, wala wachezaji wasingejua.

Jaribu bawaba yako kwa kuieleza kwa sentensi moja kwa mtu asiyeijua bahari. Ukijikuta unasema "halafu pia" zaidi ya mara moja, rudi nyuma.

Makaa

Sasa swali la mzee. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda upesi kuliko mwendo wenyewe: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inapanda karibu mara nane. Manowari inayokwenda taratibu inavuka bahari. Ikikimbia kwa nguvu zake zote inakausha ghala kabla hujala chakula cha mchana. Michezo mingi hulisahau hili, na ndiyo maana manowari za mezani hukimbia kama pikipiki.

Huhitaji hesabu ndefu. Mimi natumia punje za kunde. Mwendo wa maili 10 kwa saa unakula punje moja kila saa. Maili 15, punje tatu. Maili 20, punje nane. Maili 24, punje kumi na nne. Nampa Looff punje 60 katika kikombe. Akienda pole, ana maili 600 za kuzurura. Akikimbia kwa maili 24, ana saa nne na dakika chache, kama maili 100, kisha anaelea. Namba ni zangu, za mchezo, si za kitabu cha injini; kilicho cha kweli ni umbo la mteremko. Mchezaji anayetoa punje kumi na nne kwa mkono wake na kusikia kikombe kinavyobaki tupu hahitaji mtu wa kumwelezea kwa nini Looff alikaa mikokoni miezi kumi.

Na usisahau kwamba anayezingira naye anakula. Hii niliigundua nimechelewa. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda milango ya Rufiji nazo zilichoma makaa mchana na usiku, na zililazimika kwenda kujaza. Kwa hiyo katika kisa changu Weymouth, ambayo ndiyo pekee inayoweza kuifikia Königsberg kwa mwendo, lazima iondoke mara moja ndani ya siku tano kwenda Zanzibar. Admirali anachagua siku kwa siri. Looff anabahatisha. Wala sikubuni mvutano. Niliuliza tu makaa yametoka wapi, mara ya pili, upande wa pili.

Maji na mwezi

Hapa sisi wa pwani tuna faida, na ni aibu kuiacha. Mtu aliyekaa mbali na bahari hii atachora delta ya Rufiji kama ukuta wenye matundu. Wewe unajua kuna mafungu, kuna mikondo inayohama, kuna kipwa kinachoonekana asubuhi na adhuhuri hakipo.

Nilitaka kujua maji yalikuwaje katikati ya Aprili 1915, na sikuwa na jedwali la maji la mwaka huo. Nikapata njia. Tarehe 14 Februari 1915 jua lilipatwa, huko Australia na visiwa vya karibu. Jua halipatwi ila mwezi unapokufa. Ongeza miezi miwili ya mwezi, yaani siku 59, unatua Aprili 14. Siku ileile Rubens ilipofika Manza! Nilipolipata hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Fikiria maana yake. Mwezi umekufa, kwa hiyo usiku ni giza totoro. Siku moja au mbili baadaye linakuja bamvua, maji yanajaa kuliko kawaida na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya mita tatu na zaidi. Na mvuvi yeyote wa pwani yetu atakwambia kwamba bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Königsberg ilihitaji kina cha zaidi ya mita tano. Basi Looff ana nafasi ya kuvuka fungu la mlangoni saa kumi alfajiri ya Aprili 15 au 16, na jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika zake. Ana saa mbili za giza. Kwa maili 10 kwa saa, anapambazukiwa maili 20 kutoka mlangoni, bado hajaachana na Mafia, ambako Waingereza wamekaa. Akingoja saa kumi ya alasiri anatoka mchana kweupe, lakini baada ya saa mbili na kitu anamezwa na giza la usiku kucha.

Lipi bora? Sijui, na nimekicheza kisa hiki mara sita. Ukiona mbunifu mwenyewe hajui, ujue kisa kimeiva.

Ongeza masika. Aprili Rufiji hufurika, maji ya mto yanasukuma kwenda baharini yakiwa na tope na magogo. Mvua inapunguza uoni mpaka maili mbili, mara maili nane, mara mbili tena. Mimi narusha dadu ya mvua kila saa. Upepo umeanza kugeukia kusi. Ndege zilizoletwa awali kuitafuta Königsberg zilishindwa na joto, kwa hiyo katikati ya Aprili sizipi nafasi, na ukitaka kuziweka lazima ubadili tarehe, na ukibadili tarehe unapoteza bamvua. Kila kitu kimeshikana na kingine. Ukivuta uzi mmoja nguo yote inakunjamana, nawe unapaswa kufurahi.

Ukibuni kisa cha bahari nyingine, tafuta bamvua lake. Pengine ni barafu inayoziba mlango, pengine ni ukungu wa majira fulani, pengine ni mlango wa bahari wenye njia ya maili mbili tu kwa meli kubwa. Anza na jiografia isiyobembelezeka, meli zije baadaye.

Meli

Nazo nitazipitia upesi, kwa kuwa wapenzi wa mchezo huu huanzia hapa na wengi hawatoki. Tangu Fred T. Jane alipochapisha kanuni za mchezo wake wa vita vya baharini mwaka 1898, watu wamepima unene wa chuma na kipenyo cha mizinga kwa mapenzi makubwa. Vizuri. Lakini rudi Fort Jesus utazame mizinga ile miwili. Mmoja sentimita 10.5, mwingine inchi nne, yaani kama sentimita 10.2. Kwa kipenyo, ni ndugu. Asubuhi ile ya Zanzibar mizinga ya Königsberg iliifikia Pegasus, ya Pegasus ikaanguka majini kabla ya kufika. Na Pegasus ilikuwa imesimama, mitambo imefunguliwa. Andika masafa, andika mwendo, kisha andika kwa herufi kubwa zaidi hali ya meli siku hiyo: nini kimevunjika, wangapi wanaumwa malaria, risasi ngapi zimebaki. Hali ya siku ndiyo inayoamua.

Kila mmoja anataka nini

"Zamisha adui" si lengo, ni tabia ya wachezaji waliochoshwa. Mwaka 1896, Agosti 27, Waingereza waliipiga Zanzibar kwa muda usiofika saa nzima, wakaizamisha Glasgow, meli ya Sultani. Ukiweka vita vile mezani kwa lengo la kuzamisha, umemwalika mtu nyumbani kwako aje apigwe. Lakini ukimpa mchezaji wa Zanzibar lengo la kuchelewesha, au kumvusha mtu salama mpaka ubalozi mdogo wa Kijerumani, kama Sultani Khalid bin Barghash alivyovuka, tayari ana kitu cha kufanya.

Kwa Rufiji, Looff anataka kufika baharini na kukutana na Rubens. Namwekea alama kumi akitoka ukingo wa mashariki wa chati akiwa na punje 20, tano zaidi akiikuta Rubens. Admirali hataki tu kumzamisha. Anataka meli zake zipungue hapa, kwa sababu zinahitajika kwingine. Goliath, manowari kubwa iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya Rufiji, iliondolewa kwenda Dardanelles na kuzama huko Mei 1915. Kwa hiyo kila siku inayopita manowari zake zikiwa zimekaa mlangoni inamkata alama moja. Na Looff asipotoka kabisa mpaka Aprili 20 bado anapata alama nne, maana meli moja iliyokwama mikokoni iliwashughulisha Waingereza kwa miezi, na huo nao ni ushindi wa namna yake. Alama hizo nne nilizibishania na nafsi yangu wiki nzima. Ziache nyingi mno, Looff hatoki. Zifute, anatoka kama kichaa.

Weka pia watu ambao vitabu vingi vya vita huwaacha pembeni. Kila upande ulitegemea macho ya wenyeji wa delta, wapagazi, wenye mitumbwi. Katika kisa changu kuna kadi tano za habari, na kila kadi ni mtu: mvuvi aliyeona moshi, kibarua aliyetoroka, mwanamke aliyekwenda kukata kuni na kuona meli inawasha matanuri. Kadi inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa ya jana. Mchezaji hajui.

Pazia

Kutojua huko kunatuleta kwenye jambo linalotenganisha mchezo wa vita na karata: mtu asione. Mwaka 1942 huko Liverpool, ofisa Gilbert Roberts pamoja na wanawake wa jeshi la majini la Uingereza waliendesha mchezo juu ya sakafu kutafuta namna ya kupambana na nyambizi za Kijerumani. Maofisa wa meli za kulinda misafara waliketi nyuma ya mapazia ya turubai, wakichungulia kwenye tundu, waone kile tu ambacho wangeona wakiwa baharini. Mbinu zilizotoka pale zikatumika Atlantiki.

Wewe huna haja ya turubai. Funga shuka katikati ya chumba. Looff na chati yake upande huu, admirali upande wa pili, mwamuzi anapita katikati na chati ya kweli. Amri zinaandikwa kwenye vikaratasi, za saa nzima, si kuropoka hapohapo. Mwamuzi anajibu kwa maneno machache: "Moshi, kaskazini mashariki, mbali." Asiseme moshi wa nani. Niliwahi kumwona mtu akiifukuza kwa saa mbili za mchezo meli ndogo ya kuvulia nyangumi iliyotiwa mizinga, ya upande wake mwenyewe.

Mwamuzi asiyeogopa

Kisa chema kinaweza kuuawa na mwamuzi mwenye upendeleo, na mifano ni ya wakubwa. Inasimuliwa kwamba Mei 1942, Wajapani walipokuwa wakiujaribu mezani mpango wao wa kuishambulia Midway ndani ya manowari Yamato, dadu zilileta mabomu tisa juu ya meli zao za kubeba ndege. Admirali Ugaki Matome akaamuru yahesabiwe matatu. Akagi, mojawapo ya meli hizo, ikaokoka mezani. Juni ikazama Midway pamoja na nyingine tatu. Mwaka 2002 Wamarekani waliendesha zoezi kubwa, Millennium Challenge. Jenerali mstaafu Paul Van Riper, akicheza upande wa adui, alitumia boti ndogo na makombora mengi kwa mpigo na kuzamisha meli 16 za upande wa pili kwenye hesabu za zoezi. Meli zikafufuliwa, zoezi likaendelea, naye akajitoa kwenye uongozi wa upande ule.

Sisemi kufufua meli ni dhambi. Watu wengi wakikutana kwa ajili ya zoezi la wiki tatu na likaisha siku ya pili, lazima waendelee. Lakini andika kilichotokea kabla ya kufufua, na ukisome kwa sauti mwishoni. Wewe mbunifu, kama matokeo ya mchezo yamekuudhi, kaa nayo siku mbili kabla ya kugusa kanuni. Mara nyingi kilichokuudhi ni kwamba kisa kimejua jambo ambalo wewe hukulijua.

Kabla ya kuwaalika watu, kicheze peke yako mara tatu. Ya kwanza uwe upande mmoja kwa moyo wote. Ya pili upande mwingine. Ya tatu cheza kama mtu mwenye nia ya kukiharibu kisa chako: tafuta ujanja wa kijinga unaoshinda kila mara, kama vile Looff kuzima redio na kulala. Ukiupata, usiukataze kwa kanuni. Uliza kwa nini mtu halisi asingeufanya, kisha liweke jibu hilo mezani.

Kama unataka kubuni vita vya leo badala ya vya 1915, njia ni ileile, mafuta mahali pa makaa, setilaiti mahali pa mvuvi. Ila nchi zilizo hai zina watu walio hai. Kwa mchezo wa sebuleni mimi hubuni majina ya nchi na kuacha bahari iwe ya kweli. Majirani wakigombania kisiwa cha kufikirika, wachezaji wanafikiri vizuri zaidi na hakuna anayetoka amenuna.

Bahasha

Mwisho andika bahasha, moja kwa kila upande, kila moja isizidi nusu ukurasa. Yangu ya Looff inasomeka hivi:

"Ni jioni ya Aprili 14, 1915. Rubens imewasili na inakungoja mashariki ya Mafia, mahali penye alama kwenye chati yako. Una punje 60. Mizinga miwili kati ya kumi haina watu. Wengine wanaumwa, wengine wako nchi kavu. Mlango wa Simba Uranga unapitika maji yakijaa tu. Rubani wako anasema mto umeleta gogo na tope tangu juzi, hana hakika na fungu. Utatoka lini?"

Ya admirali: "Umesikia redio ya Wajerumani usiku, karibu, lakini hujui wapi. Hyacinth iko kaskazini ya Tanga na mtambo mmoja. Kufika Rufiji itachukua saa 17 au zaidi. Mlangoni una Weymouth, Pioneer na meli mbili za kuvulia nyangumi. Weymouth lazima iende kuchukua makaa siku moja kati ya leo na Aprili 19. Andika siku, kunja karatasi, mpe mwamuzi."

Bahasha ya tatu ni ya mwamuzi peke yake. Ina mstari mmoja: Rubens itaondoka Aprili 17, saa kumi na mbili asubuhi, iwe imekutana na Königsberg au haijakutana.

Mara ya kwanza tulipokicheza, yule mzee ndiye aliyechukua bahasha ya Looff. Akaisoma akiwa amevaa miwani ya mwanawe, akapima maji kwa vidole kwenye chati, akamwaga punje zote mezani, akazihesabu, akazirudisha. Kisha akaniita nyuma ya shuka, akaninong'oneza: "Hizi alama nne za kukaa ndani, unazitoa kweli?"

Nikamwambia ndiyo, mzee.

Akajiegemeza kwenye kiti. "Basi niletee kahawa. Na usimwambie yule bwana wa ng'ambo chochote, mwache aendelee kuchoma makaa."